Vidude 22 vya waifai vimenikwamisha, na mwenye chipu hataki kutoa hata ukurasa mmoja

Nyaya_na_Solda (Nairobi), Jumatatu saa 3:40 usiku

Wakuu, heshima zenu. Uzi huu ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni fundi wa kompyuta, nina kibanda orofa ya pili hapa Luthuli. Mwezi jana shule moja ya msingi kule Kawangware, ukishuka steji ya 46 unaingia ndani kidogo, ilinipa kazi ya maabara: laptopu 22 za mtumba kutoka Uingereza, kila moja na RAM ya giga 4. Windows ya siku hizi juu ya mashine kama hizo ni kumbebesha punda mzigo wa lori, kwa hivyo zote nikaziwekea Debian, aina mojawapo ya Linux, ule mfumo endeshi wa bure. Zikaamka vizuri. Shida ilikuwa waifai, maana zilikuja kadi za ndani zimeng'olewa, sijui huko zilikotoka wanazifanyia nini. Nikaamua nitumie vidude vya USB.

Sikununua kama mlevi. Nilichukua kimoja kwanza, nikakichomeka, kikashika mtandao kabla sijavuta kiti. Siku ya tatu nikarudi duka lile lile. Boksi lile lile, picha ile ile, namba ya modeli ile ile. Nikabeba 22.

Nafika shuleni, mwalimu mkuu amesimama nyuma yangu, watoto wa gredi ya tano wamejaa dirishani. Nachomeka cha kwanza: kimya. Cha pili: kimya. Cha tano nikaanza kutokwa na jasho. Nikaandika lsusb, amri ya kuorodhesha vilivyochomekwa kwenye USB, na namba ya utambulisho inayotokea si ile niliyoiona kwenye kile cha majaribio. Ndani ya ganda lile lile wameweka chipu ya kampuni nyingine kabisa. Nikageuza boksi. Chini ya msimbopau kuna herufi ndogo kama mguu wa sisimizi: V3. Changu cha kwanza kilikuwa V1.

Kerneli, yaani kiini cha mfumo, inaona kuna kitu kimechomekwa, basi. Hakuna draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa, inayokijua. Niliwaandikia wenye chapa kuomba nyaraka za chipu, wakajibu kwa sentensi moja kwamba bidhaa hii ni ya Windows. Nikamtafuta mwenye chipu yenyewe. Huyo alijibu baada ya siku tisa, kwa adabu kubwa: unatarajia kununua vipande vingapi kwa mwaka, na je, uko tayari kutia sahihi mkataba wa kutunza siri? Nikasema ukweli. 22. Mpaka leo sijasikia tena.

Sasa kabla hamjaniambia nanung'unika bure, elewa ninachoomba. Siombi msimbo wao wa chanzo. Siombi ramani ya kuchonga chipu. Ndani ya chipu kuna rejista, yaani vijisanduku unavyoandikia namba: andika hii hapa, redio inahamia chaneli ya 6, andika ile pale, inaanza kusikiliza. Usipopewa orodha, ni kama kuingia kwenye nyumba yenye swichi elfu tatu ukutani zisizo na alama. Moja inawasha taa, nyingine inafungua maji, nyingine inaunguza nyumba. Nyumba nimeilipia. Ninachotaka ni kuambiwa swichi ya taa ni ipi.

Kuna mtu aliyewahi kupita hapa akatoka?

Mzee_wa_Terminali (Nairobi), Jumatatu saa 4:15 usiku

Pole kijana. Hiyo V3 imewaliza wengi, na enzi zetu ugonjwa ulikuwa mkali zaidi.

Miaka ya 2005, 2006 hivi, ukinunua laptopu na ukitaka Linux, waifai ilikuwa bahati nasibu. Wengi tulitumia ndiswrapper: unachukua draiva ya Windows, unaidanganya kwamba bado iko kwao, huku chini yake kuna Linux. Ilifanya kazi mpaka siku isipofanya. Na kumbuka ni kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009. Draiva ulikuwa unaipakua saiba pale Moi Avenue, shilingi moja kwa dakika, faili linafika asilimia 80 stima inapotea.

Kisa cha kujifunza kutoka miaka ile ni cha chipu za waifai za kampuni ya Broadcom. Nyaraka hazikutolewa. Watu wa kujitolea wakajigawa makundi mawili. La kwanza liliifumua draiva ya kampuni na kuandika kwa maneno ya kawaida chipu inafanywa nini: andika namba hii, subiri kidogo, soma pale. La pili halikuruhusiwa kuitupia jicho draiva hiyo. Lilisoma yale maelezo tu, likaandika draiva mpya kuanzia sifuri, ili asitokee wakili wa kudai wamenakili. Ikaingia kwenye kerneli 2.6.17, Juni 2006.

Lakini sikiliza utamu wenyewe. Draiva imepatikana, chipu bado haiamki, kwa sababu ina programu dhibiti yake, ile mafundi tunaiita famweya, inayopakiwa kila ukiwasha mashine. Na hiyo kampuni haikuwa imeruhusu mtu mwingine kuisambaza. Kwa hivyo ikatengenezwa programu iitwayo b43-fwcutter. Jina lenyewe ni kisu: kikata famweya. Unapakua draiva ya kampuni, unaichinja kwenye mashine yako mwenyewe, unachomoa famweya, unatupa mzoga. Kila mtu duniani alichinja kuku wake kivyake kwa sababu kitoweo hakikuruhusiwa kuuzwa.

Septemba 2010 Broadcom hiyo hiyo ikatoa draiva huria, yaani yenye msimbo wazi kwa kila mtu, ya chipu zake mpya. Haikufilisika.

Bei_ya_Jumla (Nairobi), Jumatatu saa 4:52 usiku

Naona mnamgombeza mpangaji kwa makosa ya mwenye ploti. Mimi naagiza vifaa hivi kutoka Shenzhen, nieleze upande wa pili ingawa najua nitapigwa mawe.

Mwenye chapa kwenye boksi hajui chipu. Yeye ananunua ganda, bodi na chipu kwa bei ya wiki hiyo. Chipu A ikipanda senti chache anahamia chipu B, anaongeza herufi V, maisha yanasonga. Ukimwomba nyaraka ni kama kumwomba muuza mandazi cheti cha shamba la ngano.

Mwenye chipu naye hajachora kila kitu mwenyewe. Sehemu fulani amekodi kwa kampuni nyingine, na mkataba wa huko unamfunga mdomo. Halafu kuna hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi. Ukianika jinsi chipu inavyofanya kazi, umewapa mawakili wa mshindani ramani ya mahali pa kuchimba. Halafu kuna redio: serikali zinaweka kikomo cha nguvu ya mawimbi, na kampuni inaogopa mtu kama Nyaya akipewa rejista ataongeza nguvu mpaka rada ya uwanja wa ndege ilie.

Na siri ambayo hawawezi kuwaambia: mara nyingi hati yenyewe haipo. Iko kwenye vichwa vya wahandisi wanne na faili moja la Excel lenye makosa. Kuisafisha iweze kutoka nje ni kazi ya miezi. Nani ataifanya kwa ajili ya vidude 22?

Kijana_Chiromo (Nairobi), Jumatatu saa 5:30 usiku

Buda, hiyo ya Excel nakukubalia, nimecheka sana. Hizo nyingine ngoja.

Ya redio kwanza. Mwaka 2016 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliibana TP-Link kwa sababu ruta zake zingine ziliweza kuwekwa zipige mawimbi kuzidi kikomo. Wakalipa dola 200,000. Lakini soma makubaliano yale: kampuni pia ilikubali kushirikiana na watengenezaji wa chipu na watu wa programu huria, ili wateja waweze kuweka famweya mbadala kwenye ruta. Yaani msimamizi mwenyewe alitenga mambo mawili: zuia nguvu ya mawimbi, usifunge mashine nzima. Ukitaka kufunga nguvu, ifunge ndani ya chipu. Hilo halihitaji kunificha swichi ya taa.

Ya hataza na washindani. AMD walinunua ATI, watengenezaji wa kadi za picha, mwaka 2006, na Septemba 2007 wakatangaza watatoa nyaraka za chipu zao za picha. Wakatoa. Leo mtu akiniuliza anunue kadi gani ya Linux sihitaji dakika mbili za kufikiri, namtajia AMD. Mshindani mkubwa alibaki na mlango umefungwa, mpaka Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akamwonyesha kidole cha matusi mbele ya kamera kule Finland, Juni 2012.

Na huyo mshindani, Nvidia, ndiye mfano ninaoupenda. Watu wa nouveau, mradi wa kujitolea wa draiva huria ya kadi hizo, waliandika draiva kwa kuichunguza kadi kutoka nje mpaka ikakiri. Kisha kwenye kadi za kuanzia mwishoni mwa 2014 famweya ikawa lazima iwe na sahihi ya kampuni. Bila sahihi, kadi haikuruhusu hata kupandisha kasi, inatambaa kama matatu Thika Road saa kumi na mbili jioni. Mei 2022 wakafungua draiva yao ya kerneli, watu wakashangilia. Ukiangalia vizuri, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imeshahamia kwenye famweya iliyofungwa ndani ya kadi. Wamekufungulia sebule, sanduku limepelekwa chumbani.

Msomaji_Kimya, Jumanne saa 12:10 asubuhi

Nilidhani mtatuanzishia ile hadithi ya Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, kunyimwa msimbo wa printa ya Xerox ya 1980. Asanteni kwa kutuhurumia.

Mtu_wa_Ilala (Dar es Salaam), Jumanne saa 2:25 asubuhi

Mkuu mleta uzi, pole sana aisee. Wakuu wote shikamooni, na marahaba kwa wadogo.

Naomba kueleweshwa. Mimi natumia Debian 12, niliiweka mwaka juzi kwenye laptopu yangu na waifai ikashika pale pale wakati wa kusakinisha. Zamani ilikuwa lazima utafute famweya kwenye flashi nyingine. Sasa kama faili la famweya linapatikana bure na kila kitu kinafanya kazi, nyaraka za nini? Si tukubali tu yaishe?

Mzee_wa_Terminali (Nairobi), Jumanne saa 3:05 asubuhi

Marahaba mwanangu. Ulichoona kina historia. Debian walipiga kura mwaka 2022, wakakubali famweya zisizo huria ziingie kwenye kisakinishi rasmi. Debian 12 ilipotoka Juni 2023 ndipo wewe ukapata raha hiyo. Kabla ya hapo mtu mpya alikuwa anasakinisha bila waifai, halafu anaambiwa faili la kurekebisha waifai liko kwenye intaneti. Ufunguo wa nyumba umefungiwa ndani ya nyumba.

Swali lako ni zuri kwa sababu watu wanachanganya vitu vitatu. Kuna faili la famweya linaloendeshwa ndani ya chipu. Kuna draiva inayoendeshwa kwenye prosesa yako, ndani ya kerneli yako, na mikono yake inafika kila mahali. Na kuna nyaraka, yaani maelezo ya jinsi hao wawili wanavyoongea.

Watu wa OpenBSD, mfumo endeshi mwingine huria, mwanzilishi wao Theo de Raadt akiwa mbele, walichora mstari mapema. Famweya ya ndani ya chipu wanaipokea hata ikiwa imefungwa, mradi leseni iruhusu kuisambaza. Draiva iliyofungwa ndani ya kerneli, hapana, hata wakikosa kifaa. Na nyaraka wanazipigania kama mahari. Mwaka 2005 kampuni ya Adaptec haikutoa nyaraka za kadi zake za RAID, zile za kuunganisha diski kadhaa kwenye seva, na toleo la 3.7 la OpenBSD likatoka draiva hiyo ikiwa imezimwa. Wenye seva walilalamika. Jibu lao lilikuwa kwamba draiva ya diski usiyoweza kuirekebisha ikiharibika ni mtego wa data za watu, afadhali isiwepo.

Watu wa Free Software Foundation, shirika la Stallman la kutetea programu huria, wanaenda mbali zaidi, hawataki hata famweya iliyofungwa ipakiwe. Lakini ikiwa imechomewa kiwandani ndani ya chipu, wanaihesabu kama sehemu ya chuma. Mimi hapo hawajanishawishi. Msimbo ule ule, ukikaa kwenye diski ni haramu, ukikaa kwenye kumbukumbu ya kifaa ni halali, na kwenye diski angalau ningeweza kuuona umebadilika.

Kwa hiyo, kwako wewe famweya inatosha leo. Siku chipu ikiacha kuungwa mkono na kampuni, draiva ina kasoro na hakuna anayejua rejista ile ilikuwa inafanya nini, utarudi hapa.

Wanja_Sola (Rongai), Jumanne saa 7:20 mchana

Nyinyi mnalia na waifai. Mimi nafunga sola, kuanzia Rongai mpaka ndani Kajiado, na ugonjwa ni ule ule.

Nilifunga inveta kwenye zahanati moja. Ina mlango wa kuchomeka waya wa data, RS485, inaongea Modbus, lugha ya kawaida kabisa ya mitambo. Nikaomba orodha ya rejista ili nijue betri iko wapi, kwa sababu kuna friji ya chanjo. Nikaambiwa tumia programu yetu ya simu. Programu hiyo inapeleka data kwenye seva ya nje ya nchi, ndipo irudi kwenye simu. Intaneti ikikatika, nesi amesimama mita mbili kutoka kwa betri na hajui kama ina chaji.

Basi nikakaa pale sakafuni na waya wa RS485 wa shilingi 450, nikaanza kusoma rejista moja baada ya nyingine, kuanzia sifuri. Namba tupu, mamia. Nikamwambia msaidizi wangu awashe birika la umeme. Namba moja ikaruka kutoka 212 hadi 2,046. Zima. Ikashuka. Washa tena. Nikaandika kwenye daftari: hii ni mzigo, kwa wati. Nyingine ilikuwa 5312, haitembei sana. Nikapima betri kwa mita, volti 53.1. Kumbe wanazidisha kwa mia. Mchana mzima, vikombe saba vya chai kwa sababu maji yalikuwa yamechemka hata hivyo, na nikapata namba kumi na moja ninazoziamini.

Kuandika sikuthubutu. Kusoma hakuui mtu. Ukiandika namba mahali usipopajua unaweza kubadilisha volti ya kuchaji, na betri ile ni zaidi ya laki mbili.

Mwezi wa tatu kampuni ikasasisha famweya kutoka huko huko mbali. Rejista ya mzigo ikahama. Nesi akanipigia kuuliza kwa nini zahanati inatumia wati elfu sitini.

Bei_ya_Jumla (Nairobi), Jumanne saa 7:48 mchana

Dada, hiyo ya friji ya chanjo sina jibu lake.

Kijana_Chiromo (Nairobi), Jumanne saa 8:30 mchana

@Wanja weka hizo namba kumi na moja mahali, na toleo la famweya la kabla na baada. Kuna mwenzako Eldoret amekaa sakafuni saa hii na birika.

Wanja_Sola (Rongai), Jumanne saa 2:10 usiku

Nitaziweka. Daftari liko kwenye gari, na gari liko kwa mekanika.

Nyaya_na_Solda (Nairobi), Alhamisi saa 2:05 usiku

Wakuu, narudi na habari.

Jana nilishuka chini na laptopu mkononi, nikapita kibanda kwa kibanda. Sheria yangu mpya: sisomi boksi. Naomba kuchomeka, naandika lsusb mbele ya muuzaji, nikiona namba nisiyoitaka nasema asante. Wawili walinifukuza. Mmoja alidhani nampima virusi. Kibanda cha saba kuna jamaa mwenye karai la modemu za zamani, na chini yake vidude vyeusi vyenye antena ndefu za kizamani. Nachomeka: AR9271, chipu ya Atheros.

Kwa wasioijua, hii ndiyo inayofanya nikasirike zaidi na hao wa V3, maana inaonyesha jambo linawezekana. Draiva yake iko ndani ya kerneli tangu 2010. Mwaka 2013 hata msimbo wa famweya yake ulifunguliwa. Ndiyo maana Debian wanaiweka kwenye ghala lao kuu, si ule upande wa famweya zisizo huria. Kifaa cha zaidi ya miaka kumi, kimetoka kwenye karai, kimeshika mtandao kabla muuzaji hajanitajia bei. Si cha kasi, ni gigahezi 2.4 tu na megabiti 150 za kwenye karatasi, lakini watoto wa gredi ya tano hawapakui sinema.

Alikuwa navyo 14. Shilingi 650 kila kimoja, nikalipa kwa M-Pesa kabla hajabadili mawazo. Mashine nane zilizobaki nimezivutia nyaya mpaka kwenye swichi ya mtandao kuukuu niliyokuwa nayo stoo. Leo asubuhi zote 22 ziko mtandaoni. Mwalimu mkuu ameniuliza kwa nini nane zina mkia. Nimemwambia hizo ndizo za kasi, na si uongo.

@Mzee, asante kwa hiyo ya makundi mawili. Nimepakua draiva ya Windows ya V3 na kuifungua kuitazama usiku. Ndani ya faili kuna majina ya rejista, wamesahau kuyafuta. Sijui kama nina akili ya kumaliza kazi hiyo, ila nikianza nitahitaji mtu wa pili ambaye hajaitazama. Kijana_Chiromo, kaa mbali na hilo faili, huenda ni wewe.

Nimebaki na vidude 22 vya V3, na ninaweka viwili vya kuchezea. Ishirini vinauzwa, mtu wa Windows atavifurahia, shilingi 300 kila kimoja. Nipo orofa ya pili, mlango wa buluu.

Bei_ya_Jumla (Nairobi), Alhamisi saa 2:20 usiku

Mia mbili. Na nitakuja na laptopu yangu nichomeke kimoja kimoja.